Kujaza risasi za .44-40 kwa baruti nyeusi: nilivyomwonyesha shemeji

Jumamosi shemeji alinijia na Uberti yake mpya, bunduki ya wenzo iliyo nakala ya Winchester ya 1873, inayotengenezwa Italia na kula risasi za aina ya .44-40, pamoja na ndoo ya maganda matupu. "Shemeji, hii nayo inashindiliwa kama gobori la babu?" Nikacheka. Haishindiliwi mdomoni, lakini swali lake si la kijinga: baruti ni ileile ya gobori, na adabu zake ni zilezile. Nimeandika tuliyoyafanya, maana wiki ijayo atakuwa ameshasahau nusu.

Tuko Ohio, na huku mtu anaruhusiwa kujijazia risasi zake nyumbani. Ukiwa Tanzania au Kenya, kufanya haya bila kibali ni kesi, kwa hiyo soma kwa kujua tu.

Hatua ya 1: Maganda

Ng'oa fataki za zamani (vile vikombe vidogo vya kitakoni vinavyowasha baruti), osha, kausha, sawazisha kwenye dai, yaani kalibu ya chuma inayorudisha ganda umbo lake. Paka ganda mafuta kidogo kabla ya kuliingiza, kwa sababu .44-40 ina shingo iliyobanwa, na ukiliingiza kavu litanasa humo humo. Ganda lenye ufa mdomoni tupa.

Hatua ya 2: Fataki

Fataki kubwa za bastola. Kila moja ikae chini kidogo ya usawa wa kitako. Pitisha kidole, usihisi kitu kimejitokeza. Kwenye bomba la bunduki hii risasi zinalala foleni, pua ya moja ikigusa fataki ya mwenzake. Fataki ikigongwa humo italipuka, ndiyo maana pia hatutumii risasi zenye pua kali, ila pua bapa tu.

Hatua ya 3: Baruti

Baruti nyeusi halisi, chembe za ukubwa wa 2F au 3F (3F ni ndogo zaidi). Baruti ya kisasa isiyo na moshi haiingii humu kwa kipimo hiki hata kwa bahati mbaya: ganda lililojaa baruti hiyo litaipasua bunduki na kukuumiza. Mimi siruhusu chupa yake ikae kwenye meza moja na baruti nyeusi. Nikimaliza na hii, ile ndiyo inatoka kabatini.

Baruti nyeusi tunaipima kwa ujazo. Natumia kijiko cha shaba cha sentimita za ujazo 2.2, kinachotoa karibu greni 35 (greni ni kipimo kidogo cha uzito, 35 ni kama gramu 2.3). Ganda la mwaka 1873 lilibeba greni 40, na ndiyo hiyo 40 ya kwenye jina, lakini maganda ya leo yana kitako kinene na nafasi imepungua. Wako wanaopenda mashine za kupimia zenye mkono na tangi la plastiki. Mimi sizitaki karibu na baruti nyeusi. Kijiko hakina cheche wala skrubu ya kulegea.

Mimina polepole kupitia faneli ya bomba refu, ili chembe zijipange zenyewe. Kisha ishindilie (shemeji alifurahi hapa) ishuke milimita 2 hadi 3, mpaka uso wake uwe palepale kitako cha risasi (hapa na kwenye hatua ya 4 ni ile risi yenyewe inayoruka, si ganda zima) kitakapofika. Kati ya baruti na risasi isibaki hewa hata kidogo. Pengo la hewa kwenye baruti nyeusi linaweza kuutunisha mtutu.

Hatua ya 4: Risasi na mafuta yake

Risasi laini ya greni 200, yenye mifereji mipana ya mafuta. Zile za dukani zenye nta ngumu ya rangi usiziguse: zimetengenezewa baruti ya kisasa, na ukizitumia hapa, baada ya milipuko kumi mtutu una ukoko kama sufuria ya wali. Mimi nayeyusha nta ya nyuki na shahamu ya kondoo nusu kwa nusu, basi. Ukitaka kujua kama mafuta yanatosha, tazama mdomo wa mtutu baada ya kupiga: unatakiwa uone duara la unyevu mweusi, kama mtu aliyekunywa uji. Ukiwa mkavu, mafuta ni machache.

Hatua ya 5: Kuketisha risasi na kubana mdomo

Hapa keti vizuri.

Shingo ya .44-40 ni nyembamba mno. Hiyo ndiyo sifa yake: bunduki ikilia, shingo inatanuka na kuziba chemba, masizi hayarudi nyuma. Wenye .45 Colt, ambayo ganda lake ni nyoofu lisilo na shingo, wanajua masizi yanavyowarudia mpaka kwenye wenzo. Lakini wembamba huohuo ndio ulionitoa jasho. Mwaka wangu wa kwanza nilijaza risasi 100 usiku kucha, nikaenda uwanjani, na ya tatu tu ikagoma kuingia chemba. Nikasukuma wenzo kwa nguvu, ikanasa. Nilimaliza siku nikiwa mtazamaji.

Nyumbani nilizipima kwa rula, nikazikuta sawa. Nikalaumu bunduki, nikalaumu baruti. Mzee mmoja wa klabu yetu ndiye aliyeniambia nipake ganda wino wa kalamu nene, niliingize taratibu kwenye chemba, kisha nilitoe. Wino ulikwaruzika kwenye ukanda mmoja tu, pale shingo inapokutana na bega. Ganda lilikuwa limevimba unene wa unywele, na macho hayaoni.

Sababu: dai yangu ilikuwa inaketisha risasi na kubana mdomo kwa mpigo mmoja. Mdomo unaanza kuuma risasi ambayo bado inashuka, na shingo, kwa kuwa haina pa kwenda, inakunjamana chini. Kwa hiyo fanya mara mbili:

Kwanza tanua mdomo kidogo sana, kiasi risasi isimame bila kushikwa. Inua mwili wa dai mpaka usiguse kabisa mdomo wa ganda, ndipo uketishe risasi zote.

Pili, pandisha juu kile kichuma cha kusukumia risasi, shusha mwili wa dai, na ubane zote. Shusha robo ya mzunguko, jaribu moja, shusha tena. Mdomo uingie ndani ya mfereji wa juu wa risasi na kuishia hapo. Ukiona tako la mfereji linaumia, umezidisha.

Haya yote ni bure kama maganda hayana urefu mmoja. Refu litabanwa kupita kiasi, fupi halitabanwa kabisa. Kikomo ni milimita 33.1, yanayozidi yakate. Nilipuuza hili nikarudi kwenye uvimbe uleule, wakati huu kwa maganda machache tu, jambo lililonichanganya zaidi kuliko kama yangevimba yote.

Urefu wa risasi nzima nao usizidi milimita 40.4. Kwenye 1873, kipandishio ni kisanduku: kinachobeba risasi moja ndicho kinachoizuia inayofuata. Ikiwa ndefu, kipandishio hakipandi. Ikiwa fupi sana, ya nyuma inachungulia ndani na kunasa.

Kisha kila risasi, sisemi moja katika kumi, nasema kila moja, idondoshe kwenye geji ya chemba, kile kipande cha chuma chenye tundu la vipimo vya chemba. Inayoingia na kutoka kwa uzito wake mwenyewe, weka. Isiyotaka, ifungue uanze upya. Shemeji alipata 4 mbaya kati ya 50, zote za maganda aliyokataa kuyakata.

Hatua ya 6: Baada ya kupiga

Nenda uwanjani na chupa ya maji yenye tone la sabuni ya vyombo, utumbukize maganda humo humo kabla hujapanda gari. Yakilala na masizi, kesho yana kijani. Mtutu ni maji ya moto, kitambaa mpaka kitoke cheupe, halafu mafuta, usiku huohuo. Shemeji alinipigia Jumapili asubuhi kuuliza kama inaweza kusubiri mpaka Jumatatu.