Kufunga taa za LED studioni: waya uliotula siku mbili

Juzi nilimsaidia kijana mmoja kufunga taa ndani ya godauni alilolikodi Shimanzi, hapa Mombasa, alifanye studio ya filamu. Ana paneli kumi za wati 200, za kuunganishwa zikawa ukuta mmoja wa mwanga au kutawanywa mojamoja. Nayaandika haya kabla sijasahau.

Hatua ya 1: Stima. Paneli kumi kwa wati 200 ni wati 2,000. Gawa kwa volti 240, ni kama ampia 8.3. Kwenye karatasi soketi moja ya ampia 13 inatosha, lakini mimi sikubali. Taa za LED huvuta umeme kwa kishindo zinapowashwa, na zikiwashwa zote kwa mpigo sakiti breka inaweza kuanguka. Gawa tano kwa tano kwenye laini mbili, na easi (kiyoyozi) iwe na laini yake. Ethi, yaani waya wa kwenda ardhini, apime fundi wa umeme mwenye leseni, si jamaa yako anayejua kuunga waya.

Hatua ya 2: Kutundika. Klampu, na kila paneli waya wake wa usalama. Paa la mabati saa saba mchana ni tanuri, kwa hivyo zishushe hewa ipite. Zikipata joto feni zake hupiga kelele, na mtu wa sauti atakulaumu wewe.

Hatua ya 3: Anwani. Paneli huongozwa na konsoli, meza ya kuamrisha taa, kwa ishara za DMX, na kila paneli husikiliza chaneli zake kuanzia namba ya anwani yake. Ikiwa kila paneli inatumia chaneli nne, ya kwanza ipe anwani 1, ya pili 5, ya tatu 9, hivyo hivyo mpaka ya kumi, 37. Iandike kwa utepe mgongoni mwa paneli.

Hatua ya 4: Waya wa DMX. Hapa ndipo tulipokesha.

Paneli sita za mwanzo zilitii. Ya saba ikaanza kupepesa, ya tisa ikawa inajiongeza mwanga bila kuambiwa. Tukailaumu ya saba. Tukaipeleka nafasi ya pili, ikatulia kama maji mtungini. Iliyochukua nafasi yake nayo ikaanza kupepesa! Basi hapo mtu mwenye akili angeuangalia waya. Sisi tukaifuta mipangilio ya konsoli yote tukaanza upya. Usiku ukaisha hivyo.

Kosa lilikuwa langu. Kijana alikuwa ameazima nyaya za maikrofoni kwa mpiga muziki wa harusi, nami nikamwambia, "Hizi zitafaa tu, plagi ni ile ile." Plagi kweli ni ile ile, lakini ndani si sawa. DMX hupitisha biti 250,000 kwa sekunde na inataka waya wenye ukinzani wa omu 110 hadi 120. Niliwahi kutumia za maikrofoni kwa paneli nne zilizokaa karibu karibu bila shida, nikadhani nimejua. Mstari ukirefuka, ishara hufika mwisho, ikagonga, ikarudi nyuma na kuvuruga zinazokuja.

Kwa hivyo nunua nyaya za DMX zenyewe, kisha weka tamineta mwishoni, plagi ndogo ya kuizuia ishara isirudi nyuma. Ni rahisi kuitengeneza: chukua plagi dume ya pini tatu, lehemu rezista ya omu 120 kati ya pini ya 2 na ya 3, ya 1 usiiguse. Ichomeke kwenye tundu la kutokea la paneli ya mwisho. Baadhi ya paneli zina swichi ya kazi hiyo kwa ndani. Ukiiwasha, usiongeze plagi.

Mstari uingie paneli moja, utoke, uende nyingine. Usiugawe kwa waya wa matawi mawili hata siku moja, na mstari mmoja usizidi vifaa 32. Ukitaka matawi, tafuta kigawanyaji chenye umeme wake. Nyaya za DMX zisilale sambamba na za stima. Zikibidi kukutana, zivuke kwa msalaba. Watu wataniambia habari ya vifaa visivyo na waya. Sivitaki.

Tulipobadilisha nyaya na kuweka tamineta, tisa zikatulia, moja bado. Nikaichungulia plagi yake kwa tochi ya simu: pini ya 3 imeota kijani kama sarafu iliyookotwa pwani. Hii ndiyo chumvi yetu ya Mombasa. Dawa ya kusafisha viunganishi, mswaki mzee, dakika mbili. Tangu hapo nyaya zangu hulala kwenye sanduku lenye mfuniko na vifuko vya kunyonya unyevu, hasa kusi inapovuma.

Hatua ya 5: Kamera. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hivyo piga fremu 25 kwa sekunde na shata, muda wa kila fremu kupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Shusha taa hadi asilimia 10, rekodi ukuta mweupe, kisha itazame ikicheza. Taa mbovu hupepesa zaidi zikiwa hafifu. Zote ziwe kelvini 5600, yaani rangi ya mwanga wa mchana, halafu ulinganishe kwa kadi ya kijivu, maana hata za kiwanda kimoja huenda moja ikaelemea kijani.

Ukifungasha, tamineta ifunge kwa utepe kwenye mpini wa paneli ya mwisho. Ya kwanza tuliyoitengeneza ilifagiwa pamoja na vipande vya waya.