Ukifika baa ya choma Dodoma, anzia jikoni

Nimekuja kikazi Dodoma, jana ndiyo nimejifunza hili. Usikimbilie kiti na bia. Nenda kwanza kwa mchomaji, chagua mwenyewe kipande cha mbuzi (mbavu au paja, mimi ni mtu wa mbavu), kipimwe kibichi mbele ya macho yako, mkubaliane bei, ndipo ukakae. Nyama ikiwa motoni hutoa maji na mafuta, kwa hiyo kilo moja inarudi kwenye sinia imesinyaa, na kama hukuuona mzani huna pa kuanzia kulalamika. Halafu mbuzi wa mkaa anaweza kukuchukulia dakika 40 au zaidi. Ukianza na bia, ya tatu inakukuta na njaa ile ile. Tena omba mchomaji aichome nyama na mafuta yake yenyewe, chumvi tu, ndimu na pilipili mezani. Hila hii inagoma usiku ukiwa umeenda sana, maana wamebaki na nyama iliyoiva tangu jioni inayopashwa tu. Hapo uliza bei ya kipande, na kibonyeze kwanza: kikiwa kigumu kama soli, agiza chipsi. Na Bunge likiwa linaendelea, baa zikifurika, piga simu mapema wakuwekee.