Kabla ya kufomati, tafuta diski isiyokuwepo

Wenzangu mnaochapa kazi za wanafunzi hapa Wandegeya, Kampala, Word ikikwama kila unapobofya "fungua", usikimbilie kufomati. Angalia kwanza orodha ya diski. Ukiona diski ya mtandao yenye alama nyekundu ya X, yaani ile ya kompyuta kubwa iliyozimwa au kuhamishwa, anza nayo.

Windows haijui kwamba mashine ile haipo. Huiita, husubiri jibu, huita tena, na muda wote huo dirisha lako limeganda. Juzi nilihangaika na kompyuta moja asubuhi nzima, wateja wamepanga foleni, kumbe inaitafuta diski ya mtandao Z: ya ofisi ya zamani!

Bofya diski hiyo kwa kitufe cha kulia, chagua kuikata (Disconnect). Ikigoma, andika kwenye dirisha la amri (Command Prompt): net use Z: /delete, ukiweka herufi ya diski yako badala ya Z. Usiogope, mafaili yaliyo kwenye sava, yaani ile kompyuta kubwa, hayafutiki. Unaondoa njia tu.

Halafu futa orodha ya mafaili ya karibuni, maana nayo huelekeza huko huko. Na flashi ya mteja: nakili kazi kwenye kompyuta kwanza, ndipo uifungue. Akiichomoa ghafla, programu haitabaki ikiitafuta.