Umeshinda kesi ya deni, mdaiwa ana kiwanja: jinsi ya kukaza hukumu (yaani kuitekeleza) kwenye ardhi Tanzania

Hukumu peke yake haigusi ardhi ya mtu. Katika majimbo mengi ya Marekani, hukumu ya deni ikishasajiliwa kwenye daftari la ardhi inaing'ang'ania mali ya mdaiwa mpaka ilipwe. Kwetu si hivyo. Mpaka mahakama itoe amri ya kukamata mali fulani iliyotajwa waziwazi, mdaiwa anaweza kuiuza hata kesho asubuhi, wewe ukabaki na karatasi yenye mhuri.

Nimeandika haya baada ya kumsaidia mama mmoja anayeuza vifaa vya ujenzi, aliyeshinda kesi akadhani kazi imeisha. Yanahusu Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu, zinazofuata Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33. Mahakama ya Mwanzo ina kanuni zake.

Hatua ya 1: Nakala za hukumu na tuzo

Chukua zote mbili, zikiwa zimethibitishwa. Kinachokazwa ni tuzo, yaani waraka wa mahakama unaotaja kilichoamriwa kwenye hukumu, kwa hiyo hakikisha majina na kiasi vinalingana na hukumu kabla hujaondoka masjala.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya deni la leo

Tuzo ya pesa huzaa riba ya asilimia 7 kwa mwaka kuanzia siku ya hukumu, isipokuwa mlikubaliana kwa maandishi kiwango kingine kisichozidi 12. Deni la shilingi milioni 10 linaongezeka 700,000 kila mwaka. Toa alichokwisha kulipa, jumlisha gharama za kesi.

Una miaka 12 ya kuomba kukaza hukumu, lakini usiilalie. Ukichelewa zaidi ya mwaka mmoja, mahakama itamwita kwanza mdaiwa ajieleze kwa nini hukumu isikazwe, na huo ndio muda anaoutumia kuhamisha mali.

Hatua ya 3: Je, ni lazima iwe ardhi?

Msimamo wangu ni mmoja: kama mdaiwa ana akaunti benki au kuna mtu ambaye yeye anamdai pesa, anza na huko. Ni haraka, na hakuna mke, kaka wala mpangaji atakayejitokeza kusema pesa ile ni yake. Ardhi iwe ya mwisho, au iwe kwa deni kubwa.

Hatua ya 4: Itambue mali (usiiharakishe hii)

Maombi mengi hufia hapa. Sheria inataka mali ielezwe kiasi cha kutofautishwa na nyingine yoyote, na uonyeshe mdaiwa ana haki gani ndani yake. Mtu anaandika "nyumba ya mdaiwa iliyopo Mbezi" anaona inatosha. Mbezi ipi? Mbezi Beach iko Kinondoni, Mbezi Luis iko Ubungo. Dalali wa mahakama, anayetumwa kukamata na kuuza mali, atakamata nini?

Kama ardhi imepimwa, andika namba ya kiwanja, kitalu, eneo, wilaya na namba ya hati. Vyote vinatoka kwenye upekuzi rasmi, yaani ukaguzi wa daftari la ardhi, kwa Msajili wa Hati. Fanya upekuzi mwenyewe, ulipie, upate majibu ya maandishi yenye mhuri. Siamini kabisa fotokopi ya hati, hata ikiletwa na mtu wa karibu na mdaiwa, kwa sababu fotokopi haikuambii kilichoandikwa kwenye daftari baada ya hati kutolewa. Kwenye majibu angalia mambo matatu: jina la mmiliki, rehani ya benki, na zuio lolote lililokwishawekwa. Rehani iliyokutangulia inalipwa kwanza. Ukikuta benki inadai karibu thamani yote ya nyumba, rudi hatua ya 3.

Jina nalo lina matatizo yake. Tuzo inaweza kusema "Juma A. Hamisi" na hati ikasema "Juma Ally Hamis". Usidhani hakimu ataelewa tu. Ambatisha kiapo kinachoeleza kuwa huyo ni mtu mmoja, pamoja na mkataba au leseni inayobeba majina yote. Na kama hati ni ya kampuni huku tuzo ni dhidi ya mkurugenzi, acha: mali ya kampuni si mali yake binafsi.

Kama ardhi haijapimwa, huna namba za kukuokoa. Nenda ukaione. Andika mipaka yote minne: kaskazini kwa fulani, kusini barabara, mashariki na magharibi vivyo hivyo. Muone mwenyekiti wa serikali ya mtaa akupe barua inayosema nani anatambulika kuwa mwenye eneo, na ukiweza kupata nakala ya hati ya mauziano, bora zaidi.

Halafu uliza swali ambalo wengi hulisahau: nani analala humo? Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inakinga nyumba ya makazi anayoishi mdaiwa na mkewe na watoto wanaomtegemea. Nyumba ya kupangisha, fremu za duka au kiwanja kitupu havina kinga hiyo. Kama analala kwenye nyumba moja na kupangisha nyingine, taja hiyo ya pili, na barua ya mtaa iseme wazi kuwa humo wanakaa wapangaji. Naiona kinga hii kuwa ya haki, watoto hawakukopa.

Hatua ya 5: Peleka maombi

Jaza fomu ya kukaza hukumu kwenye mahakama iliyotoa tuzo. Sema kama kuna rufaa. Rufaa yenyewe haisimamishi utekelezaji. Kinachosimamisha ni amri ya mahakama.

Hatua ya 6: Amri ya kukamata

Amri inamkataza mdaiwa kuuza, kugawa au kuweka rehani mali hiyo, na inamkataza mtu yeyote kunufaika na uhamisho wa namna hiyo. Hutangazwa mahali ilipo mali, nakala ikabandikwa hapo na mahakamani. Hakikisha imebandikwa kweli, piga picha. Siku hiyohiyo peleka nakala kwa Msajili wa Hati na uondoke na nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Atakachouza mdaiwa baada ya hapo ni batili dhidi ya dai lako.

Hatua ya 7: Pingamizi

Litegemee. Mara nyingi ni mke au ndugu anayesema mali ni yake. Mahakama itaangalia hali ilivyokuwa siku ya kukamata: nani alikuwa na haki, nani alikuwa anaishikilia na kwa niaba ya nani. Ule upekuzi na barua ya mtaa ndiyo majibu yako. Lakini mke anayeonyesha kuwa alichangia ununuzi ana hoja nzito, na ni heri kukubali mapema kukamata fungu la mume pekee kuliko kung'ang'ania nyumba nzima.

Hatua ya 8: Mnada

Dalali hawezi kuuza kabla ya siku 30 tangu tangazo la mnada libandikwe mahakamani, labda mdaiwa akubali kwa maandishi. Mshindi wa mnada analipa asilimia 25 papo hapo, iliyobaki ndani ya siku 15. Wewe mwenyewe huruhusiwi kununua bila kibali cha mahakama. Mdaiwa bado anaweza kuomba mauzo yafutwe kwa kuweka mahakamani deni lililotajwa kwenye tangazo pamoja na asilimia 5 ya bei kwa mnunuzi.

Hatua ya 9: Akilipa kabla ya mnada

Wengi hulipa wakishaona tangazo ukutani. Pokea kwa maandishi, ijulishe mahakama, omba amri ya kuondoa ukamataji, kisha iwafikie Msajili na dalali. Na kama wewe ndiwe mdaiwa uliyemaliza kulipa, ifuatilie amri hiyo mwenyewe, kwa sababu zuio likibaki kwenye daftari, upekuzi wa mnunuzi wako wa baadaye utalikuta hapo.