Kuwinda Fezanti Mwezi wa Januari Ukiwa na Baba na Mbwa

Katika jimbo la South Dakota nchini Marekani, msimu wa kuwinda ndege aitwaye fezanti hufunguliwa Jumamosi ya tatu ya Oktoba na kufungwa tarehe 31 Januari. Wawindaji wengi huja wiki za mwanzo, kabla theluji haijakaa. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kwenda mwishoni, akifuatana na baba yake mtu mzima na mbwa mmoja au wawili. Naamini safari hiyo inapaswa kupangwa kwa kufuata mwendo wa mzee, na si kwa ajili ya heshima peke yake: fezanti wa Januari huwindwa vizuri zaidi na watu wachache, wanaokwenda taratibu na bila kelele.

Fezanti ni ndege wa jamii ya kuku na kware, na asili yake ni Asia. Wilaya ya Spink (Spink County) ndiko South Dakota ilikofungulia msimu wake wa kwanza, mwaka 1919, na tangu 1943 fezanti ndiye ndege rasmi wa jimbo. Jogoo ana uso mwekundu, ukosi mweupe na mkia mrefu. Mtetea ana rangi ya nyasi kavu. Sheria inaruhusu majogoo tu, watatu kwa mwindaji mmoja kwa siku, na kwa kuwa jogoo mmoja hupanda mitetea wengi, kuwapunguza majogoo hakuathiri vifaranga wa mwaka unaofuata. Kuwinda huanza saa nne asubuhi na kukoma jua linapozama, kwa hiyo mzee hana haja ya kuamka alfajiri. Anywe chai kwa utulivu.

Theluji ikishalaza nyasi fupi, ndege huhamia penye kinga: kwenye matete ya mabwawa yaliyoganda na kwenye mikanda ya miti iliyopandwa kuzuia upepo. Tafuta mahali ambapo kinga hiyo iko karibu na mabaki ya mahindi au mtama. Mashamba mengi ni ya watu binafsi, nawe ni lazima uombe ruhusa. Mtangulize baba mlangoni, kwani mkulima na mzee mwenzake huelewana upesi. Iko pia ardhi ya umma, ikiwemo maeneo ya serikali kuu yaliyotengwa kwa ajili ya bata, na humo marisau (vipira vidogo vya bunduki) ya madini ya risasi hayaruhusiwi, hivyo nunua ya chuma au ya madini mengine yaliyoidhinishwa.

Majogoo waliobaki Januari wameshafukuzwa miezi mitatu, nao wanaujua mlio wa mlango wa gari. Egesha mbali, sukuma mlango kwa kiganja mpaka ujifunge bila kishindo, uwateremshe mbwa wakiwa kwenye kamba, na msemezane kwa ishara za mikono. Kipenga na kuita jina la mbwa kwa sauti huwaondoa ndege upande wa pili kabla hujapakia bunduki. Ingia upepo ukikupiga usoni, ili mbwa apate harufu iliyo mbele yake.

Fezanti hupenda kukimbia kwa miguu kuliko kuruka, naye huruka pale kinga inapokwisha. Hapo ndipo pa kumweka baba. Mpe muda wa kuzunguka kwa nje, mbali na matete, akasimame kwenye ncha ambapo yanakuwa membamba, kisha wewe na mbwa mwanze kutoka upande wa pili. Hii si nafasi ya kumhurumia mzee, bali ndiyo nafasi bora ya shamba zima. Ina masharti yake, na yasemwe wazi kabla ya kutengana: kila mmoja avae rangi ya chungwa inayong'aa, na asipige mpaka aone anga tupu chini ya ndege. Anayeruka chini chini aachwe aende, kwa sababu nyuma yake kuna mbwa, na nyuma ya mbwa kuna wewe.

Kwenye matete mazito nampendelea mbwa wa aina ya Labrador kuliko yule anayesimama na kuonyesha ndege alipo, mradi awe amefundishwa kufanya kazi karibu nawe, ndani ya mita 20 hivi. Mwangalie mkia. Mkia ukianza kwenda kwa kasi na pua ikashuka, ndege yuko mbele anakimbia, nawe ukaze mwendo. Mbwa akisita ghafla na kuinua kichwa, jiweke tayari.

Barafu inahitaji tahadhari ya pekee. Ili kubeba mtu inapaswa kuwa ngumu, angavu, na unene usiopungua sentimita 10, lakini katikati ya matete na karibu na mashimo ya panya-maji huwa nyembamba kuliko inavyoonekana. Baba asiikanyage kabisa. Kutembea katika theluji nzito wakati wa baridi kali huulemea moyo, kwa hiyo azungumze na daktari wake kabla ya safari, abaki na ufunguo wa gari, na kila baada ya nusu saa mpumzike garini kwenye joto.

Mbwa naye hasemi anapoumia. Vipande vya barafu hujikusanya katikati ya vidole vyake. Viyeyushe kwa joto la mkono badala ya kuving'oa, na nywele za hapo zikatwe mapema. Beba koleo ya kukata waya, kwani Januari ni msimu wa mitego ya wanyama wenye manyoya, na tanzi la waya linaweza kumuua mbwa kwa dakika chache. Akilowa, mfute mpaka akauke kabla ya kuendelea.

Kama baba ana nguvu za raundi moja tu, itunzeni kwa saa ya mwisho kabla ya magharibi, ndege wanaporudi kutoka mashambani kulala kwenye matete.

Mkishapata, acheni kichwa, mguu au manyoya ya kutambulisha jogoo mpaka mfike nyumbani, kama sheria inavyotaka. Mwindaji Mwislamu hutaja jina la Mungu kabla ya kupiga, na akimkuta ndege bado yu hai humchinja. Tazameni pia kipi, yaani mwiba wa mguuni: kikiwa kirefu na chenye ncha kali, huyo ni jogoo mkongwe. Kifua chake kikaangwe kwa muda mfupi kisikauke, na miguu, ambayo ina kano ngumu sehemu ya chini, ichemshwe taratibu mpaka nyama iachane na mfupa.