SOMO: Barua pepe ya makaribisho, hela ya tangazo isiende bure

Wakuu, kila wiki swali ni lilelile: "Nalipia matangazo Facebook na Instagram, watu wanaingia duka langu la mtandaoni, hawanunui." Naandika mara moja hapa, akiuliza mwingine mwelekezeni huku.

Hesabu kwanza, namba ni za mfano. Umelipia matangazo shilingi 300,000, ukapata wanunuzi wapya 20: kila mmoja kakugharimu 15,000. Kati ya walioondoka mikono mitupu, 100 wameacha barua pepe. Barua zako za makaribisho, zinazojituma zenyewe mtu akiacha anwani, zikiwarudisha 10 wakanunua, wanunuzi ni 30 na kila mmoja ni 10,000. Tangazo ni lilelile.

1. Weka fomu dukani. Jina la kwanza na barua pepe, basi.

2. Tuma kwa anwani ya domeini yako, yaani jina la tovuti yako. Gmail ya bure haifai kwa kazi hii.

3. Thibitisha domeini: SPF, DKIM na DMARC, yaani rekodi unazoweka kwenye domeini kuonyesha kwamba barua imetoka kwako kweli. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda anwani za Gmail lazima awe na zote tatu, lakini hata mwenye duka dogo aziweke. Angalizo: domeini moja, rekodi moja ya SPF. Kama unayo ya Google na huduma ya kutuma barua inakupa nyingine, ziunganishe kwenye mstari mmoja. Zikiwa mbili, ukaguzi wa SPF unafeli kabisa. DMARC anza na p=none, yaani kuangalia tu bila kuzuia barua.

4. Barua ya kwanza itoke papo hapo. Mtu bado ameshika simu, kikapu kiko wazi. Ukichelewa saa moja ameshahama. Andika kama unavyoongea na mteja kaunta: "Asha, karibu. Punguzo lako la asilimia 10 ni hili hapa, linaisha baada ya siku 7. Dar tunaleta kesho, mikoani siku 2 hadi 3. Unalipa kwa M-Pesa au kadi." Kitufe kimoja tu. Msimbo wa barua (HTML inayoiunda) usizidi KB 102, Gmail hukata kinachozidi, na kiungo cha kujiondoa kiko mwishoni hukohuko.

5. Kuponi. Hapa ndipo nilipoharibu, someni taratibu. Kuponi moja ya watu wote, mfano KARIBU10, haikai siku nyingi kabla haijafika kwenye magrupu ya WhatsApp. Wateja wako wa zamani, ambao wangelipa bei kamili, wanaitumia. Ripoti inaonyesha barua pepe inauza sana, kumbe unagawa faida yako mwenyewe. Kila mtu apewe kuponi yake, itumike mara moja, kwa oda ya kwanza tu, iishe ndani ya siku 7. WooCommerce na Shopify, mifumo ya kuendesha duka la mtandaoni, zote zinaruhusu, ingawa sharti la oda ya kwanza huenda likahitaji programu ya nyongeza. Halafu punguzo ni gharama, liingie kwenye hesabu: wanunuzi 10, kila oda 40,000, punguzo 4,000, jumla 40,000. Gharama halisi ni 340,000 kwa watu 30, yaani kama 11,333. Anayekwambia 10,000 hajamaliza hesabu.

6. Barua ya pili kesho yake: jibu wasiwasi, saizi na utaratibu wa kurudisha bidhaa. Ya tatu siku ya 5: kumbusha kuponi. Aliyekwisha kununua atoke kwenye foleni mara moja. Mtu kalipa bei kamili jana, leo unamletea punguzo? Atadai tofauti, na ana haki.

7. Usipime kwa idadi ya waliofungua, maana huhesabiwa kwa picha ndogo iliyofichwa ndani ya barua. Tangu iOS 15 (mfumo wa iPhone) ya mwaka 2021, programu ya barua ya Apple inaweza kupakia picha hata kama mtu hajaisoma. Pima oda.

MASWALI

Kijana wa Buza: Mkuu sijasoma yote, kuponi niweke asilimia ngapi?
— Soma hatua ya 5, kisha angalia faida yako kwa kila oda.

Biashara Kwanza: Nimeuziwa barua pepe 3,000, nianze nazo?
— Hapana. Hao hawakukuomba kitu. Wakibonyeza "spamu" ukafika asilimia 0.3, Gmail itaanza kukubana, na barua za wateja wako halali zitazama nazo. Sheria za taarifa binafsi pia zipo, Kenya ya 2019 na Tanzania ya 2022.

Biashara Kwanza: Mbona wengine wanafanya?
— Nimeshajibu.

Dada wa Vitenge: Kaka, wale 20 ambao wangenunua tu, si nao watachukua kuponi?
— Dada, hilo ndilo swali la msingi, asante. Wote 30 wakichukua, punguzo ni 120,000. Jumla 420,000, kila mmoja 14,000. Umeokoa 1,000 tu. Kwa hiyo fomu isimrukie mtu akiingia. Imtokee anayetaka kuondoka. Au badala ya punguzo toa kitu kisichokuuma sana, mfano kushonewa pindo bure. Ukishapata watu wa kutosha, mmoja katika kila 10 usimtumie barua, ulinganishe asilimia ya walionunua katika makundi mawili. Tofauti hiyo ndiyo kazi halisi ya barua.

Dada wa Vitenge: Wateja wangu wengi ni wa WhatsApp, barua pepe hawafungui.
— Weka nafasi ya namba ya simu kwenye fomu, isiwe lazima, na waombe ridhaa waziwazi. Utawafikia kwa SMS, ila inalipiwa kila moja, ibakize kwa ukumbusho wa siku ya 5.

Fundi wa Mwenge: Naongezea: wengi huandika "gmail.con". Weka ukaguzi kwenye fomu umuulize mtu "ulimaanisha gmail.com?"
— Kweli kabisa. Na "gmial" pia. Kila anwani mbovu inarudisha barua na kuchafua sifa ya domeini yako.