Istilahi za sarufi ya Kiingereza kwa wanaoanza kidato cha kwanza

Wanafunzi wangu wa tuisheni hapa Uyole wengi wametoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili, na wanakuja na orodha ya "noun", "verb" na "adjective" waliyoinakili kwa kalamu nyekundu mwanzo wa kauntabuku. Orodha hiyo ifunike kwanza. Chukua sentensi unayoisema nyumbani: "Mama anauza viazi Mwanjelwa." Mama na viazi ni nomino, ndiyo "noun". Anauza ni kitenzi, "verb". Mama ndiye mwenye tendo, basi ni kiima, "subject". Viazi ndivyo vinavyouzwa, basi ni yambwa, "object". Kazi hizo unazijua tangu hujaanza shule.

Sasa andika kwa Kiingereza. Hapa wengi huniletea "Mother she sells potatoes." Chanzo ni ile "a" ya "anauza". Kiswahili hubandika alama ya kiima kwenye kitenzi hata kama mama ameshatajwa. Kiingereza kinataka kimoja: ama "Mother", ama "she". Huyo "she" ndiye "pronoun", kiwakilishi, anayeshika nafasi ya nomino isipokuwepo. Na ile "s" ya "sells" isikudanganye. Kwenye nomino "s" huleta wingi, lakini kwenye kitenzi cha wakati uliopo inaonyesha kwamba kiima ni mmoja, nafsi ya tatu.

Usitambue aina ya neno kwa sura yake. Kitenzi cha Kiswahili unakijua kwa viambishi, ila maneno ya Kiingereza hayavai sare. Katika "I drink water", "water" ni nomino. Katika "I water the beans", ni kitenzi. Kwa hiyo ukiulizwa "water" ni aina gani ya neno, mwombe mwalimu sentensi, kwa adabu.

"Article", yaani "a", "an" na "the" zinazotangulia nomino, Kiswahili hatuna, ndiyo maana inasumbua. Kitu kikitajwa mara ya kwanza: "I bought a hoe." Kikishajulikana: "The hoe is broken." Kuchagua "a" au "an" sikiliza sauti, usitazame herufi: "an hour", kwa kuwa "h" haisikiki, "a university", kwa kuwa inaanza na sauti "yu".

Kwenye "tense", yaani wakati wa kitenzi, chunga "-me-". Mtaani tunasema "nimemwona jana" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza hakikubali "I have seen her yesterday". Ukitaja wakati uliokwisha kupita, rudi kwenye "-li-": "I saw her yesterday."

"Passive voice" ni ile "-wa" ya kauli ya kutendwa. Viazi vinauzwa, "Potatoes are sold." Kiswahili kinamaliza kazi kwa kiambishi kimoja, Kiingereza kinahitaji "be" pamoja na "past participle". Jina hilo linatisha bure. Ni safu ya tatu ya jedwali la vitenzi, na ndiyo hiyo hiyo inayofuata "have": "She has sold them."

Safu hiyo ndiyo pekee ninayoruhusu ikaririwe. Vitenzi vya "ed" viruke, havina shida. Anza na "go, went, gone", "take, took, taken", "write, wrote, written", vitano kwa siku, na kila kimoja kitungie sentensi mbili: ya "have" na ya "be". "Go" kitakugomea kwenye ile ya "be" ya kutendwa, kwa sababu hakina yambwa.